Oda moja, kutwa nzima

Jumapili usiku. Watoto wamelala, nami nimekaa na daftari nililolibeba wiki tatu mfululizo.

Nilikuwa nimeshakubali kununua programu ya mauzo. Kijana aliyeileta aliifungua pale kaunta tukaiona sote: mteja anaandika WhatsApp, yenyewe inajibu, inatoa profoma, inapunguza hesabu ya stoo, inawakumbusha wanaodaiwa. Duka letu liko Gerezani, Kariakoo, tunauza spea za Toyota, na wateja wengi ni mafundi wa mikoani wanaoagiza kwa simu. Oda zilikuwa zinachelewa na watu wanalalamika. Nikaona dawa ndiyo hii.

Kilichonisimamisha ni mfuko wa salfeti uliorudi kutoka Tabora. Ndani, shokapu za nyuma za IST. Fundi aliandika "shokapu IST nyuma", sisi tukamfungashia za toleo la NCP61, kumbe gari ni NCP65, ile ya foo-wili. Hazikukaa. Nauli ya kwenda imelipwa, ya kurudi imelipwa, na mwenye gari siku nne anatembea kwa miguu. Nikaushika ule mfuko nikajiuliza programu ingenisaidia nini hapo. Ingetuma shokapu zile zile, tena kwa haraka zaidi.

Jumanne yake nikaacha kaunta, nikachukua daftari na kuifuata oda moja tu, bushi za Noah za kwenda Mbeya. Ujumbe uliingia saa 3:05 asubuhi. Kijana wa simu akauona saa 3:20, akaenda kuuliza kama mali ipo. Mwenzake wa stoo alikuwa barabarani anashusha mzigo kwenye kirikuu. Jibu likapatikana saa 4:10. Ikabaki bei, na bei natoa mimi. "Dada, fundi wa Mbeya anangoja bei," aliniambia mara mbili, nikamjibu asubiri, nina watu. Nilimtajia saa 5:40, neno moja tu. Fundi akalipa papo hapo, lakini ujumbe wa muamala unaingia kwenye simu yangu, na risiti ya EFD haitoki mpaka mhasibu auone. Tukangoja tena. Mzigo ulifika Stendi ya Magufuli, Mbezi, basi alilolitaka fundi limeshaondoka.

Jioni nikapiga hesabu. Ukiondoa safari ya bodaboda, kazi yenyewe haikufika nusu saa. Muda mwingine wote oda ililala, na mahali ilipolala zaidi ni mbele yangu. Iliniuma, kwa sababu miaka yote nimekuwa nikiwaambia vijana waongeze kasi.

Bei niliishikilia kwa hofu. Bei ya Kariakoo haibandikwi ukutani: ipo ya rejareja, ipo ya jumla, ipo ya fundi wa kudumu, na winga akileta mteja naye ana chake. Nikahofia vijana watauza kwa hasara. Sasa nimekaa nao, tumeandika bei ya chini kabisa ya zile spea sitini zinazotoka sana. Juu ya hapo wanauza bila kuniuliza, chini ya hapo wananipigia. Mpaka leo wamenipigia mara tano tu, na zote walikuwa na haki ya kuuliza.

Jambo lililotuchukua muda zaidi ni majina. Bushi ile ile, stoo imeandikwa kwa namba ya spea, kaunta wanaiita kwa jina la gari, mafundi nao wana jina lao. Programu ingeona vitu vitatu. Usiku mbili tulikaa kwenye maboksi, tukapatana jina moja na kuliandika kwa kalamu nene. Na oda ya IST haiendi stoo bila namba ya chesisi, hata kama fundi ana haraka.

Halafu kuna kadi. Tunauza Toyota kila siku, lakini mimi nimechelewa kujifunza kwa Toyota wenyewe. Injinia wao Taiichi Ohno alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha mtu ndani atazame kazi mpaka aone tatizo liko wapi. Na kanban yao ilianza kama kadi tu, inayosema kitu fulani kimepungua, leta kingine. Nimekata maboksi ya katoni, nikaweka kadi moja kabla ya vipande vinne vya mwisho kwenye kila rafu. Ukiifikia kadi, unaileta mezani kwangu. Zamani tulikuwa tunajua kitu kimekwisha siku mteja anakiomba.

Mali kauli, yaani kumpa mtu mali alipe baadaye, bado sijaigusa. Deni la fundi uliyefahamiana naye miaka kumi huwezi kulipangia utaratibu kwa usiku mmoja, na sitaki mashine imtumie ujumbe wa kumdai kabla sijakaa naye mwenyewe.

Yule kijana wa programu alipiga simu Ijumaa. Nimemwomba arudi baada ya miezi miwili, na nitampa orodha ya majina iliyonyooka aanzie hapo. Alikubali bila kinyongo.

Jana, tunafunga duka, kadi ya kwanza ilifika mezani. Ni ya bushi za Noah, na imebaki na alama ya kidole gumba chenye grisi.