Supu nzito ya kuku bila viazi: nilivyoipika, na nilivyohangaika kuiandika

Siku mama alipoambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda na kwamba apunguze vyakula vya wanga, swali lake la kwanza tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu halikuhusu dawa. Aliniuliza, "Mwanangu, sasa usiku nitakula nini?" Mtu asiyeishi Amu, yaani kisiwani Lamu, anaweza kulichukulia swali hilo kwa wepesi. Chakula chetu cha usiku kilikuwa wali wa nazi, au mkate wa mofa kwa mchuzi, au mahamri kwa mbaazi, na hata supu ya kuku, ambayo wengi huihesabu kuwa chakula cha mgonjwa, kwetu ilipondewa viazi ndani yake hadi ikawa nzito. Sahani ya wali wa gramu 300 ina takriban gramu 84 za wanga, na nusu kilo ya viazi vibichi ina gramu 85 hivi. Kuku mwenyewe hana wanga. Niliamua kuanza na supu, kwa kuwa ndiyo iliyohitaji kuondolewa kitu kimoja tu.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo nimeona watu wakilipuuza. Mtu anayetumia dawa za kushusha sukari asipunguze wanga kwa ghafla bila kumwarifu daktari wake, kwa sababu kipimo cha dawa kilichomfaa alipokuwa akila wali kinaweza kuishusha sukari kupita kiasi akiacha wali. Sisi tulirudi kliniki, dozi ya mama ikapunguzwa, ndipo tukaanza.

Supu ya kwanza niliyompikia bila viazi ilikuwa safi na yenye harufu nzuri, lakini mama alikunywa vijiko vitatu akakiweka kijiko kando. "Haya ni maji ya kuku," akasema. Alisema kweli. Supu nyepesi humfaa mtu atakayeila kwa mkate, si mtu ambaye supu hiyo ndiyo chakula chake chote mpaka asubuhi. Nilitaka supu nzito na laini, yenye kumshibisha mtu asiamke usiku kwenda kutafuta mahamri kabatini.

Unga wa ngano na unga wa mahindi havikuwa na nafasi, na muhogo una wanga zaidi ya mara mbili ya viazi. Nilijaribu malai, yaani krimu ya maziwa, ya pakiti niliyoletewa na jamaa kutoka Mombasa. Supu ikawa laini, lakini ikaja na ladha ya maziwa ambayo mama hakuizoea katika kitu chenye thomu na bizari. Kisha nikasaga korosho, nikidhani kwamba kilicho na mafuta mengi hakina wanga. Ilikuwa supu tamu kuliko zote nilizowahi kupika, na nilikuwa nimekwisha kuwaandikia watu watatu kuisifu nilipogundua kwamba gramu 100 za korosho zina gramu 30 za wanga, ilhali viazi vibichi vya uzito huohuo vina 17. Ilinibidi niwaandikie tena wote watatu. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuipika mara mbili kwa ajili ya mumewe, ambaye naye ana sukari, na sikupata usingizi usiku huo. Tangu hapo sitoi pishi lolote kabla sijakaa na karatasi nikalipigia hesabu.

Nimekuwa nikiandika mapishi ya nyumbani kwa miaka sita, nikiwatumia jamaa na wasomaji wengine walio mbali na jikoni za kwao, na ninaiona kazi hiyo kuwa amana. Anayepika kwa maneno yangu ametoa fedha zake kununua kuku.

Tui la kwanza la nazi ndilo malai yetu, na gramu 100 zake zina gramu tano au sita tu za wanga. Hata hivyo, tui peke yake huipa supu mafuta bila kuipa uzito. Uzito niliupata kwenye mumunye. Gramu 100 za mumunye zina gramu tatu na kidogo za wanga, na likichemshwa na kusagwa hugeuka uji laini usio na ladha ya kushindana na kuku. Koliflawa hufanya kazi hiyohiyo, lakini hutoka bara kwa lori hadi Mokowe, kisha huvushwa kwa boti, na mara nyingi hutufikia imenyauka na ni ghali. Ukinunua mumunye, kata kipande kidogo ukionje kibichi. Likiwa chungu litupe lote, kwa kuwa uchungu huo ni sumu na hauondoki kwa kupikwa.

Mara ya nne nilikuwa na kuku mzuri, mumunye changa na nazi mbili, na nikaiharibu supu yote katika dakika ya mwisho. Nilikamua ndimu ndani ya sufuria kama tunavyofanya siku zote, nikamimina tui, na kwa kuwa adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia nikachochea makaa ili ichemke upesi. Nilipofunua nilikuta punje nyeupe zinaelea juu ya maji ya kijivu, na juu yake miduara ya mafuta inayozunguka polepole. Tui lilikuwa limekatika. Nilikoroga, nikaongeza tui jingine, nikapunguza makaa moto ukafifia, na hakuna lililosaidia. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini za nazi. Moto mkali huzivuruga protini hizo, uchachu nao huzivuruga, na mimi nilikuwa nimetia vyote viwili kwa pamoja. Bibi yangu alijua kwamba tui hukorogwa bila kuachwa mpaka lichemke, lakini mchuzi wake haukutiwa ndimu jikoni. Ndimu ililetwa mezani ndani ya kisahani. Nilikulia katika nyumba hiyo, nikaiona ndimu ile kila siku, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Sasa hupika hivi. Kuku wa kienyeji wa kilo moja na robo humkata vipande na kumchemsha katika lita mbili za maji pamoja na kitunguu kimoja cha gramu 100, punje nne za thomu, kipande cha tangawizi cha gramu 15, kijiko cha chai cha bizari nyembamba na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga. Humwacha kwa moto wa wastani saa moja na dakika 45. Kuku wa kisasa hutosheka na dakika 40. Nyama ikilainika huitoa na kuichambua mifupa. Ndani ya mchuzi uliobaki hutia nusu kilo ya mumunye, lililomenywa na kutolewa mbegu, pamoja na tui la pili, nikaliacha mpaka live kabisa na mchuzi upungue. Hungoja upoe kidogo kabla ya kuusaga, kwa sababu mvuke ukifungiwa ndani ya blenda hurusha kifuniko na kuunguza mikono. Mchuzi uliosagwa huurudisha jikoni kwa moto mdogo. Viini viwili vya mayai huvipiga katika bakuli, nikavitia upawa mmoja wa supu ya moto huku nikikoroga, kisha nikavimimina sufuriani. Mwisho kabisa hutia tui la kwanza, mililita 400 kutokana na nazi mbili, na kuirudisha nyama. Haichemki tena baada ya hapo. Chumvi ni vijiko viwili vya chai kwa sufuria nzima, na nitaeleza hivi punde kwa nini nimesisitiza neno chai. Hutoa mabakuli sita, na kila bakuli lina takriban gramu tisa za wanga.

Mama alimaliza bakuli lake akaomba nusu nyingine. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe upande wa kuandika ndio ulikuwa unaanza.

Niliandika pishi hilo jinsi nilivyozoea: kikombe cha hiki, kiasi cha kile, moto mdogo, tui zito. Binamu yangu wa Malindi akalipika Ijumaa ile ile na kunipigia simu kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo. Supu yake ilikuwa nyepesi na ina mafuta juu. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima tukipitia hatua moja baada ya nyingine. Kikombe chake kilikuwa kikubwa kuliko changu, hivyo maji yalizidi. Kuku wake alikuwa wa kisasa, naye alimchemsha kwa saa moja na robo tatu mpaka nyama ikawa nyuzi. Tui lake lilikuwa la kopo, na aliposikia "tui zito" alitia kopo lote mwanzoni, likachemka na kuku muda wote huo. Hakukosea hata mahali pamoja. Alifuata kila neno nililoandika, na maneno yangu ndiyo yaliyompoteza.

Nilinunua mizani ya jikoni na kikombe cha kupimia chenye alama za mililita, nikapika upya supu ambayo mkono wangu uliijua tayari, nikisimama kila hatua kuandika uzito. Kupika kwa namna hiyo kunachosha. Supu ya saa mbili na nusu huchukua saa nne, makaa huisha njiani, na mtu anayekuuliza jambo katikati hukupotezea hesabu. Mara mbili nilimaliza kupika na kugundua kwamba sikupima kitu cha maana, kama vile maji niliyokamulia nazi, na ikabidi nirudie siku nyingine kwa kuku mwingine.

Picha nazo zina taabu yake. Nyumba yetu ni ya mawe ya kale, yenye kuta nene na madirisha madogo, na mwanga wa kutosha huingia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, adhuhuri tu, tena ukiwa mkali. Mvuke hufunika kioo cha simu; ukingoja mvuke uishe, tui hujivika utando juu ya supu. Katika bakuli jeupe supu yangu ilionekana kama uji wa mtoto, na sikuweza kumlaumu mtu aliyeitazama akaipita. Niliihamishia kwenye bakuli jeusi la udongo, nikapanga nyama juu, nikanyunyiza pilipili manga na majani ya dania, nikapanda nayo darini saa kumi na moja jioni jua likiwa limelegea. Nilikuwa na dakika tatu hivi kabla ya utando, nami nikazitumia zote. Nyumbani walikula supu ya baridi siku hiyo, na sikupenda kuwafanyia hivyo.

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni chumvi. Katika nakala ya kwanza niliandika "vijiko viwili vya chakula" mahali pa vijiko viwili vya chai. Kijiko cha chakula ni sawa na vitatu vya chai, kwa hiyo kosa hilo liliifanya chumvi kuwa mara tatu. Nililiona kesho yake asubuhi, nikalisahihisha na kuwaarifu wote niliowatumia. Baada ya miezi minne shangazi yangu alinitumia pishi "zuri sana la supu" alilolipata kwa rafiki yake. Lilikuwa langu, sentensi kwa sentensi, hata maneno yangu kuhusu mumunye chungu, na chini yake jina la mtu nisiyemjua. Vijiko viwili vya chakula vya chumvi vilikuwamo bado. Jina lile liliniuma, sitaficha, kwa kuwa nilikuwa nimepika supu hiyo mara 11 kabla ya kuridhika nayo. Chumvi iliniuma zaidi. Wengi wanaotafuta supu ya aina hii wana sukari, na wengi wao wana shinikizo la damu pia, na mimi sina njia ya kuwafikia walioipokea nakala hiyo. Nilimwandikia mtu yule kwa adabu, nikimwomba asahihishe chumvi peke yake na kumwachia mengine yote. Hakunijibu. Siku hizi huandika kila kipimo mara mbili, kwa kijiko na kwa gramu, ili moja likikosewa la pili limshtue msomaji.

Jaribio la mwisho nilimwachia binti wa jirani, wa miaka 16, ambaye hakuwahi kupika supu yoyote. Nilimpa karatasi na vifaa, nami nikakaa kwenye kiti mlangoni na daftari, baada ya kuahidi kwamba sitasema neno. Aliniuliza mambo matatu. Alitaka kujua tui la kwanza ni lipi, kwani alikuwa ameshika kifumbu cha kukamulia tui mkononi na bakuli moja tu mbele yake. Aliuliza mumunye huonekanaje likiiva. Na aliponyanyua sufuria kuirudisha jikoni akageuka, "Shangazi, moto mdogo ni upi?"

Sikumjibu. Niliandika. Tui la kwanza likamuliwe katika bakuli lake na kuwekwa kando kabla machicha hayajatiwa maji tena. Mumunye limeiva upawa ukilikata bila kusukumwa. Swali la tatu lilinichukua muda mrefu zaidi, na ilibidi nisimame nikaitazame sufuria yenyewe, nikaona kwamba kando kando palikuwa na vipovu vidogo na katikati pametulia. Nikafuta "moto mdogo" kila palipokuwapo katika karatasi yangu na kuandika hivyo nilivyoona. Binti yule akapika mpaka mwisho, tui halikukatika, na bakuli la kwanza akampelekea mama pamoja na kisahani cha ndimu.