Milango, vichochoro na machweo: kupiga picha Mji Mkongwe kwa simu

Picha nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar huharibiwa na jua. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo ikifika saa nne asubuhi jua limeshapanda, kuta za chokaa zinaumiza macho na vichochoro vimejaa kivuli kizito. Simu haivimudu vyote viwili. Ikipima mwanga wa kichochoro, ukuta unaungua na kubaki mweupe bila hata ufa mmoja kuonekana. Palipoungua hapana programu ya kuparudisha, lakini kivuli unaweza kukiinua kidogo baadaye. Kwa hiyo linda mwanga: gusa kwenye skrini sehemu inayong'aa zaidi, shikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo, kisha teremsha alama ya jua inayojitokeza hapo kwenye skrini mpaka mikwaruzo ya chokaa ionekane. Ndipo upige. Na kabla ya yote futa lenzi kwa kitambaa laini, maana jasho la vidole na chumvi ya upepo wa bahari ndivyo vinavyotia ukungu kwenye taa za usiku.

Milango ndiyo inayowashinda wengi. Kichochoro ni chembamba, mtu hawezi kurudi nyuma, basi anafungua lenzi pana ya 0.5, anasimama karibu na kuielekeza simu juu ili kizingiti cha juu kiingie. Matokeo yake miimo, yaani nguzo za pembeni za mlango, inaegemeana kwa juu, mlango unaonekana kama unaanguka chali. Bandika mgongo kwenye ukuta wa ng'ambo, tumia lenzi ya kawaida, na ushike simu wima kabisa usawa wa katikati ya mlango. Washa mistari ya gridi kwenye mipangilio ya kamera, ulinganishe mwimo mmoja na mstari wa wima. Mlango usipoenea, usilazimishe: chukua sehemu tu, mathalani mfaa (ule mti wa wima katikati ya mlango) na misumari ya shaba, au nakshi za kizingiti. Nakshi zinataka mwanga unaopita ubavuni, ule unaotambaa juu ya mbao na kuacha kivuli ndani ya kila mchoro. Flashi huupiga uso wote sawasawa na kuufanya bapa, kwa hiyo izime.

Kanuni ya kugawa picha mafungu matatu, na kuweka unachopiga kwenye mistari ya mgawanyo badala ya katikati, inasaidia, ila naona inasifiwa kupita kiasi. Kingo za picha zina uzito zaidi. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye pembe zote nne: waya wa umeme, nusu ya pikipiki, mkono wa mpita njia usio na mwenyewe. Mara nyingi hatua moja kushoto inaviondoa vyote.

Ukitaka mtu ndani ya picha, msalimie na umwombe kwanza. Akikataa, shusha simu. Akikubali, msimamishe kwenye kivuli karibu na penye uwazi, uso ukielekea mwanga. Kanzu nyeupe juani huungua upesi huku uso wa mvaaji ukizama gizani, ila kivulini vyote viwili vinakaa vizuri.

Forodhani, bustani ya ufukweni mwa Mji Mkongwe, inatazama magharibi. Kuanzia saa kumi na nusu jioni jua linapiga nyuso za majengo ya ufukweni, Ngome Kongwe ikiwemo, na hapo geuzia bahari mgongo. Jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza huingia haraka: una kama dakika 20 za anga ya buluu. Jahazi likipita, liachie nafasi mbele linakoelekea. Vijana wakijirusha baharini, shika kitufe upige mfululizo, kisha uchague ile ambayo mikono na miguu imetanuka mbali na kiwiliwili.

Kwa kuhariri zinatosha dakika mbili, kwa programu kama Snapseed au Lightroom ya simu. Anza kwa kunyoosha: bahari iliyopinda kwa nyuzi 2 tu inaonekana kama inamwagika. Kisha kata kingo, lakini kwa kiasi. Picha ya megapikseli 12 ukibakisha nusu ya upana na nusu ya urefu imebaki na 3. Halafu mwanga: punguza sehemu angavu kwa alama 30 hadi 50, inua vivuli kwa 20 hivi. Ukizidisha, chengachenga zinajitokeza gizani na picha inapauka. Kukoleza rangi kuwe kwa mwisho, kusizidi 10, kwa sababu ngozi za watu hugeuka chungwa kabla hujaona. Picha za mishikaki chini ya balbu za njano zisogeze kidogo tu upande wa baridi, yaani wa buluu. Ukiondoa njano yote, jioni yenyewe inapotea. Hifadhi nakala, asili ibaki ilivyo, na ukimtumia mtu kwa WhatsApp itume kama faili, maana njia ya kawaida huibana na kufuta zile nakshi ulizozihangaikia.