Jina la chini, upande wa kulia

Harusi ya mwezi uliopita, picha zikapandishwa mtandaoni: mbunifu wa gauni katajwa, mpambaji katajwa, mpiga picha katajwa, hata wa keki. Aliyekesha na cherehani akirudia kola mara tatu hayumo. Haya, nimezoea.

Wiki hiyohiyo nilikuwa natafuta mishono ya kiuno cha juu kwa mteja mjamzito, nikaangukia picha za Kifaransa ziitwazo "Incroyables et Merveilleuses". Ziko 33, alizitoa Pierre de La Mésangère huko Paris miaka ya 1810. Ni masharobaro na masista duu wa enzi hizo. Horace Vernet, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliwachora kwa kejeli: kola zimepanda hadi mashavuni, vitambaa vya shingoni vimemeza kidevu, magauni yamefungwa chini tu ya matiti. La Mésangère mwenyewe alikuwa na jarida la mitindo. Huku anawauzia watu fasheni, huku anawacheka walioivaa. Biashara hiyo!

Kilichonishika ni maandishi madogo chini. Kushoto, Vernet, "del.", yaani kachora. Kulia, Gatine, "sculp.", yaani kachonga.

Georges-Jacques Gatine ndiye fundi. Kazi yenyewe ni hivi: bamba la shaba linapakwa nta, mchoro unakwaruzwa kwa sindano, kisha inamwagwa tindikali, nayo inakula palipokwaruzwa tu. Halafu wino, halafu kukandamiza karatasi. Na kinachotoka kimegeuka, kulia kumekuwa kushoto, kwa hiyo anayetaka picha ikae kama mchoro lazima achonge kinyume. Hapo nilicheka peke yangu. Na sisi si tunashona ndani-nje, gauni linaonekana gauni likishageuzwa? Rangi nazo zilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine.

Kuza picha yoyote utazame mikunjo ya gauni: mistari inasongamana kwenye kivuli, inaachana penye mwanga. Utani ni wa Vernet, lakini mkunjo ule umepita kwenye sindano ya Gatine.

Nikamtumia mbunifu wangu picha moja, jina la kulia nimelizungushia duara jekundu. Kajibu kwa vikatuni vitatu vya kucheka, akauliza gauni la Jumamosi limefikia wapi.