Karura niliipendea Ujerumani
Nimezaliwa na kulelewa Nairobi, lakini kutembea msituni bila shughuli sikukujua hadi nilipoenda kusoma Ujerumani. Huko maduka mengi hufungwa Jumapili, na watu huingia msituni na watoto wao hata baridi ikiuma. Nikaambukizwa. (Kahawa bila maziwa pia nimeizoea, mimi mtoto wa chai ya maziwa!)

Sasa Jumapili utanikuta na dadangu Karura, msitu wa hapa Nairobi. Humo namkumbuka sana Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira. Naye alisoma Marekani, kisha Ujerumani, akarudi nyumbani, na Januari 1999 akapigwa hadi kuumizwa kichwa akiutetea msitu huu usigawiwe wajenzi. Mama yule alitufaa jamani!

Tunaingilia lango la Limuru Road. Anayetaka kuja aniambie.