Tachipadi Inapogoma: Kibodi Kwanza, Bisibisi Baadaye

Tachipadi ya laptopu, yaani kile kibao cha kuongozea kishale kwa kidole, ikigoma, wengi wetu hapa Pemba husema papo hapo kuwa imekufa, na laptopu hupelekwa kwa fundi ikafunguliwa siku hiyo hiyo. Mimi naona bisibisi ingesubiri, kwa sababu aghalabu chanzo huwa ni mipangilio au programu, na hivyo vyote huweza kuchunguzwa kwa kibodi peke yake, madhali mtu ameshahifadhi kazi yake kwa Ctrl na S.

La kuangaliwa mwanzo ni kitufe. Laptopu nyingi zina kitufe katika safu ya F, chenye picha ndogo ya kibao kilichopigwa mstari, ambacho kikibonyezwa peke yake au pamoja na Fn huizima tachipadi. Na kwa kuwa huwa jirani na vitufe vya sauti na mwangaza, ni rahisi kukigusa bila ya kukusudia. Katika baadhi ya laptopu za HP za miaka ya nyuma, tachipadi huzimwa kwa kugonga mara mbili kona yake ya juu kushoto, na hapo huwaka kitaa kidogo cha rangi ya chungwa ambacho watu wazima hawakioni mpaka waoneshwe na watoto.

Kitufe kikiwa hakina kosa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, andika touchpad katika sehemu ya kutafutia, kisha tembea kwa Tab na uchague kwa kitufe cha nafasi. Humo mna chaguo moja linalosumbua watu bila ya wao kujua, nalo ni lile linaloamua iwapo tachipadi ibaki hai pale kipanya kinapochomekwa. Mpwa wangu aliniletea laptopu yake akisema, "Mjomba, hii basi tena, nishaizima na kuiwasha mpaka nimechoka." Ubavuni mwake palikuwa na kile kidude cha kipanya kisicho na waya, kidogo kama ukucha, kimezama ndani ya tundu la USB. Nikamuuliza kipanya chenyewe kiko wapi. Akanambia kilipotea zamani. Kwa laptopu, kipanya kilikuwa bado kipo. Tulipokichomoa kidude, kishale kikatembea.

Huko kuizima na kuiwasha nako kuna jambo. Katika Windows 10 na 11, laptopu nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka, kwa hiyo dreva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuendesha kifaa, ikiwa imekwama inaweza kurudi na hali ile ile. Anayetaka kuanza upya kwelikweli achague kuwasha upya, si kuzima. Isiposaidia, Windows na X kisha M hufungua orodha ya vifaa, ambamo dreva ya tachipadi inaweza kuondolewa, na mfumo ukaitafuta tena laptopu inapowaka. Dreva mpya ichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji. Zile programu zinazojinadi kuwa zitatengeneza dreva zote kwa kubonyeza mara moja mimi sizitaki hata kuziona, kwani nyingine huja na virusi.

Sasa tuje kwenye umeme. Tachipadi huhisi kidole kwa mabadiliko madogo sana ya chaji katika gridi ya nyaya zilizo chini ya uso wake, na ndiyo maana aliyetoka kutia udhu akaipapasa na mikono mibichi huona kishale kikiruka ovyo. Hilo hutibiwa kwa kitambaa kikavu. Lakini kishale kikiruka au kuganda pale tu laptopu inapochajiwa, kilaumiwe chaja. Soketi zetu ni za matundu matatu, na lile la juu ni la waya wa ardhi. Mtu mwenye plagi ya miguu miwili hutumbukiza kijiti katika tundu hilo ili mengine mawili yafunguke, kisha akalazimisha plagi iingie. Laptopu huchaji, ila haina ardhi, na kelele za umeme, yaani mtikisiko mdogo wa umeme usiotakiwa, huishia kwenye tachipadi. Kuijua hali hii ni kuichomoa chaja tu: ikitulia, tafuta chaja ya miguu mitatu iliyo sahihi, na hicho kijiti kiachwe kabisa kwa sababu ni cha hatari.

Kinachomhitaji fundi kweli ni utepe unaounganisha tachipadi na bodi, ambao ncha zake huweza kushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, au kuchomoka laptopu ikianguka.

Na betri. Tachipadi ikiwa ngumu kubonyeza, au imeinuka upande mmoja, iweke laptopu juu ya meza iliyo sawa uone kama inayumba. Ikiyumba, huenda betri iliyo chini yake imevimba kwa gesi. Hapo zima, usichaji tena, na mpelekee fundi. Betri hiyo isitobolewe, isikandamizwe ili kifuniko kifunge, wala isitupwe jaani. Ikishabadilishwa, mara nyingi tachipadi hurudi kubonyezeka yenyewe, isipokuwa kama ilishapinda au kupasuka.