Pipa la maji la mamangu limegeuka bahari

Tangu shule zifunguliwe mpwa wangu hana story ingine ila boti. Yuko kidato cha pili, ako kwa klabu ya sayansi, na mwalimu wao aliwaambia kila mtu aje na kitu cha kutatua shida ya jamii. Wenzake wakachukua zile za kawaida, jiko la kutumia maganda, mashine ya kuangua vifaranga, taa ya sola, yeye akarudi nyumbani akaniambia, "Anko, mi nataka kutengeneza boti la kuokolea watu meli ikizama." Nikamuuliza hiyo ni shida ya jamii gani, sisi tuko Umoja, Nairobi, bahari iko karibu kilomita mia tano, na Mto Ngong hapo chini ukiweka boti litakwama kwa taka kabla halijalowa. Hakunijibu. Alielekeza mdomo tu kwa nyanya yake aliyekuwa mlangoni anachambua mchicha, nikanyamaza.

Mamangu aliishi Mtongwe kabla hatujahamia huku. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, watu wakienda kazini, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa na watu kama 400 na wakafa 272. Haikuwa katikati ya bahari, haikuwa usiku, hakukuwa na dhoruba, ilikuwa karibu na nchi kavu pale pale Mombasa. Mama siku hiyo alichelewa kutoka nyumbani juu mimi nilikuwa na homa. Jirani yetu aliyekuwa anatuuzia mahamri hakuchelewa. Tangu hapo mama hajakanyaga feri, miaka yote tukienda kwao alikuwa anabaki Kisauni kwa dadake na watu wa Mtongwe ndio wanavuka kuja kumsalimia, sa hii angalau barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa anazunguka na gari.

Basi ikabidi. Mimi kazi yangu ni faibaglasi, karakana yetu iko Lunga Lunga Road, tunatengeneza matangi ya maji na mabodi ya hiki na kile, kwa hivyo najua kidogo kuzuia maji yasitoke, kwa boti ni kinyume tu. Nilimwambia Jumamosi tutaanza. Shida ilikuwa bahari yenyewe. Maji mtaa wetu huja Jumanne na Ijumaa, na pipa la mama hakuna mtu huwa anagusa bila ruhusa, tukaruhusiwa kwa sharti moja, kwamba hakuna gundi, hakuna rangi, na tukimaliza hayo maji ni ya kuoshea choo na sisi ndio tutaosha.

Nilianza kumfundisha kama mtu anayejua. Nikamwambia shida ya Titanic mwaka 1912 ilikuwa boti hazikutosha, ilikuwa na 20, zikijaa zote ni watu 1,178, na melini kulikuwa na zaidi ya 2,200. Na hakuna sheria walivunja! Sheria ya Uingereza ilikuwa ya 1894, ilihesabu boti kwa ukubwa wa meli na ikaishia tani 10,000, Titanic ilikuwa na tani 46,000 na kitu, ni kama sheria ya nduthi ndio inatumika kwa basi. Boti ya kwanza kushuka ilibeba watu 28 na ingeweza kubeba 65. Kwa hivyo, nikamwambia, jibu ni rahisi, ongeza boti, chora, peleka kwa mwalimu, tumemaliza.

Kumbe mtoto ameshasoma kwa simu yangu usiku mzima, bando yangu ndio imelipa. Akaniuliza, "Anko, na Eastland?" Sijawahi kusikia Eastland. Ni meli ya Chicago, Julai 1915, ilipinduka ikiwa bado imefungwa gatini, haijaenda popote, wakafa watu 844 mtoni hapo mjini. Ilikuwa na historia ya kuyumba tangu zamani, na sasa juu ya hilo, baada ya Titanic watu waliposhtuka na kutaka boti kwa kila abiria, wakaipakia boti zaidi huko juu kwenye sitaha. Uzito ukapanda juu. Yaani boti za kuokoa zilichangia kuwaua. Hapo nikavuta stuli nikakaa chini vizuri.

Jaribio la kwanza lilikuwa kopo la Kasuku, yale mafuta ya kupikia. Lina kifuniko, tukaliziba, tukabandika kokoto ndani chini, na abiria walikuwa punje za mahindi. Tukalipindua kwa pipa tukitarajia lijigeuze lenyewe. Likakataa. Tukaongeza kokoto, likajigeuza nusu likalala ubavu. Tulikaa hapo karibu saa nzima mpaka yeye akagundua, likipinduka mahindi yote yanamwagika upande wa kifuniko, kwa hivyo uzito wa abiria ndio unalishikilia kichwa chini. Akachukua selotepu akabandika punje moja moja kwenye sakafu, tukalipindua tena, na kabla sijaondoa mkono likageuka pup! Na hivyo ndivyo zile boti za kisasa zilizofunikwa kama kapsuli ya dawa zinafanya kazi, zinajigeuza zenyewe lakini kwa masharti kwamba kila mtu amefunga mkanda. Usipofunga wewe si abiria tena, wewe ni mzigo uliolegea darini. Nikamkumbusha 2004 wakati wa sheria za matatu za waziri Michuki, venye watu walilalamika mikanda ya matatu ni michafu inaharibu shati.

Sasa hiyo boti iliyofunikwa ndio story ilinichoma zaidi. Kuna nahodha wa Norway, Ole Brude, alitengeneza boti la chuma lenye umbo la yai, limefunikwa kote, futi kama 18 hivi. Mwaka 1904 akaingia ndani na wenzake watatu wakatoka Ålesund wakavuka Atlantiki yote, dhoruba za baridi, wakafika Marekani, Gloucester, Januari 1905, hai. Kulikuwa na zawadi ya faranga milioni moja kwa atakayevumbua kitu bora cha kuokolea maisha baharini, hawakuipata, walichelewa. Hebu fikiria miezi mitano ndani ya yai halafu unaambiwa umechelewa. Miaka saba baadaye Titanic inashusha boti za wazi, watu wamekaa na baridi usiku kama wako kwa mkokoteni. Sheria ya dunia ya kutaka boti zifunikwe kwenye meli mpya ilianza kufanya kazi 1986. Uvumbuzi upo, umevuka bahari kwa miguu yake, na bado ikachukua miaka themanini. Mimi huwa nasikia watu wakisema shida yetu ni hatuna wavumbuzi. Sijui.

Jumamosi iliyofuata tukahamia kwa kushusha, na hapa ndio nataka kukaa kidogo, juu naona watu wengi hufikiria boti peke yake, kumbe boti ikishafika majini salama kazi kubwa imeisha. Shida iko kwa ile nafasi kati ya sitaha na maji. Tulikata mtungi wa lita ishirini kwa urefu ukawa meli, tukafunga kopo kwa nyuzi mbili, moja mbele moja nyuma, nikashika moja yeye akashika ingine. Jaribu kufanya hivyo na mtu. Akilegeza haraka kuliko wewe kopo linasimama wima na mahindi yote yanamwagika. Hapo hakuna upepo, hakuna giza, hakuna mtu anapiga mayowe. Halafu mama akapita akatingisha pipa kwa goti (alisema ni bahati mbaya) na kopo likagonga ubavu wa mtungi, kifuniko kikafunguka.

Halafu kuna ndoano. Mwaka 1980, jukwaa la mafuta la Norway liitwalo Alexander L. Kielland lilipinduka kwenye Bahari ya Kaskazini, watu 212, wakafa 123. Boti zilikuwepo saba. Zilizoshushwa ni nne, na tatu kati ya hizo ndoano zake zilikataa kuachia, juu zilikuwa zimetengenezwa zisiachie kama waya bado umebeba uzito, na kwa mawimbi yale waya ulikuwa unavutwa kila saa. Basi sheria ikabadilika, ndoano ziweze kuachia hata zikiwa na uzito. Na unajua kilichofuata? Zikaanza kuachia zenyewe. Mabaharia wakifanya mazoezi bandarini, siku ya jua, boti inaning'inia juu, ndoano inafunguka, boti inaanguka na watu ndani. Wamekufa wengi hivyo, kwa mazoezi, mpaka ikabidi tena sheria ingine ya kubadilisha ndoano za aina hiyo. Mpwa wangu aliandika kwa daftari, "dawa ya jana = ugonjwa wa leo," nikamwambia hiyo ya kifalsafa aifute, mwalimu anataka mchoro.

Na meli ikilala upande mmoja je? Boti zinatakiwa ziweze kushushwa hata meli ikiinama digrii 20, ikipita hapo kila mtu na Mungu wake. Za upande wa juu zinasugua ubavu wa meli au hazitoki kabisa, za upande wa chini zinaning'inia mbali huwezi kuzifikia. Costa Concordia kule Italia, Januari 2012, watu zaidi ya 4,200, boti zipo za kutosha, na bado walikufa 32, amri ya kuondoka ilikuja zaidi ya saa moja baada ya kugonga mwamba na meli ilikuwa imeshaanza kulala. Kuna zile boti za kuanguka, zinateleza kutoka nyuma ya meli na kupiga mbizi kisha zinaibuka mbele, Waholanzi walizianza miaka ya 1960, watu wamefungwa mikanda wameangalia nyuma. Hizo ni za mabaharia wa meli za mizigo. Nilimwonyesha mama video akaniuliza kama mimi ningemweka yeye humo na goti lake. Hapana.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni swali lingine kabisa, na ni la mtoto. Aliuliza, "Hizo zote si zinataka dakika? Mtongwe walipewa dakika ngapi?"

Hawakupewa. Wala MV Bukoba, Mei 1996, feri ya Tanzania, Ziwa Victoria karibu na Mwanza, walikufa zaidi ya watu 800. Hiyo ilipinduka ikabaki inaelea kichwa chini, watu wako ndani wanagonga chuma, wakatobolewa tundu ili watoke, hewa ikatoka kabla yao na meli ikashuka. Ile hewa ndiyo ilikuwa inawabeba. Feri zetu hazizami kama za kwenye picha, polepole na muziki unapigwa, zinajaa, watu wanahamia upande mmoja, kwisha. Boti ya kushushwa hapo ni pambo.

Kwa hivyo tukaacha boti. Tunatengeneza benchi. Sio uvumbuzi mpya, meli za safari fupi kule Uingereza zilikuwa na viti vya sitahani vinavyoelea, na leo maboya ya kujaza upepo hufungwa kwa kifaa kinachojiachia chenyewe kikishuka majini kati ya mita moja na nusu na nne, hakuna mtu anayehitaji kuwa shujaa. Hiyo ndio tumeiba. Benchi lina foamu ndani na faibaglasi nje, kamba za kushikilia pande zote, na halijafungwa kwa skrubu, miguu yake imekaa tu kwenye vikombe vilivyo kwenye sitaha. Meli ikienda chini, benchi linabaki juu.

La kwanza halikubaki. Mtungi ukizama wima benchi linatoka safi, ukilala upande miguu inabana kwenye vikombe na linaenda chini na meli. Tulijaribu mara kumi na moja. Fundi mwenzangu kazini ndiye alituambia vikombe viwe kama faneli na miguu iwe imechongoka, hata ikivutwa kwa pembe gani inateleza. Alituambia pia kwamba benchi lisilofungwa kwenye feri ya Kenya litakuwa kwenye hoteli ya mtu kabla ya jioni, na kusema ukweli hilo hatujalipatia jibu, mtoto anataka kuweka mnyororo mwembamba unaokatika likivutwa na maji, mimi naona mwizi pia anavuta.

Ijumaa iliyopita maji yalikuja, pipa likajaa, tukaweka meli mpya yenye mabenchi manne, nikaibonyeza ikalala ubavu, ikashuka, na mabenchi yakaibuka. Moja, mbili, tatu, la nne likakawia kidogo likaja. Mpwa wangu akapiga kelele jirani wa juu akafungua dirisha.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo, anangoja maji yake. Akainama, akaweka kiganja juu ya benchi moja akalisukuma chini mpaka kiwiko kikalowa, akaachia, likapanda. Akasukuma tena kwa nguvu zaidi, akalishikilia huko chini kwa muda hivi, akaachia. Mara ya tatu hakuangalia hata, alikuwa anaangalia ukuta. Halafu akajipangusa mkono kwa leso, akasema hiyo rangi ya machungwa ni mbaya, akachota ndoo yake akaingia ndani.