Nyumba ya kumi na moja

Jioni hii tumerudi kutoka kutazama nyumba ya 11, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kutafuta, miezi 8 iliyopita, hatukubishana njiani. Huenda ni dalili njema, huenda ni uchovu tu. Mume wangu amekwisha kulala. Mimi nimebaki mezani na daftari letu, lile ambalo kila nyumba ina ukurasa wake, nikistaajabu jinsi kurasa za mwanzo zilivyojaa habari za rangi na madirisha, ilhali za mwisho zimejaa mabomba, paa, hati na nyufa.

Nyumba ya 3 ndiyo iliyotutia adabu. Niliingia sebuleni nikakuta jua la asubuhi limetanda sakafuni, na kabla dalali hajamaliza kututajia idadi ya vyumba nilikuwa nimekwisha kupanga viti vyangu moyoni. Mume wangu alikuwa amesimama katika chumba cha nyuma, kimya, akinusa. Nilimwona kama mtu anayetafuta kisingizio. Kuta zote za chumba kile zilikuwa zimechakaa rangi, isipokuwa upande mmoja wa chini, kimo cha goti hivi, uliopakwa upya. Akaomba ruhusa ya kusogeza kabati. Nyuma yake lipu ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe, nao ulikuwa chumvi: ukuta usiokingwa dhidi ya unyevu hufyonza maji kutoka ardhini, maji hayo hupanda na chumvi iliyoyeyuka ndani yake, kisha yakikauka kwenye uso wa ukuta chumvi hubaki. Rangi mpya haiponyi ugonjwa huo. Huuficha kwa miezi michache, na miezi michache ndiyo anayoihitaji muuzaji. Dalali alituambia kuwa ni vumbi la chokaa. Nilikasirika sana, lakini sharti nikiri hapa, kwa kuwa hapa ndipo ninapokiri mambo, kwamba hasira yangu ya kwanza haikumwendea dalali bali mume wangu, kwa kuniharibia asubuhi ile na jua lake.

Tangu hapo hatununui mbuzi kwenye gunia. Kila nyumba tunayoipenda tunaiendea mchana, tunairudia usiku, na ikiwezekana tunaitazama siku ya mvua; tunafungua mabomba yote kwa pamoja ili tuone kama maji yanapungua nguvu; tunainua macho kutafuta madoa ya kahawia kwenye dari; tunawasalimu majirani, ambao kwa dakika tano hutueleza mengi kuliko dalali kwa saa nzima. Kazi hii imetuchosha, ila imetupa macho.

Ya nyumba ya 6 nitayaeleza kwa ufupi kwa sababu bado yananiuma. Ilikuwa nzuri, muuzaji alikuwa mtu mstaarabu, na tulihimizwa tutoe malipo ya awali siku ileile eti wapo wengine waliokwisha kuonyesha nia. Wakili wetu alipofanya upekuzi wa hati aligundua kwamba nyumba imewekwa rehani na deni halijalipwa, na kwamba imeandikishwa kwa majina mawili, la muuzaji na la ndugu yake, ambaye hakuwa na habari kwamba inauzwa. Rafiki zetu walitusifu kwa busara ya kutolipa. Ukweli ni kwamba akaunti yetu ya akiba ilitaka notisi ya siku 30 kabla ya kutoa fedha. Ingekuwa fedha ziko mkononi, ningelipa.

Kisha kulikuwa na usiku wa hesabu. Tulikuwa tumezoea kuuliza jambo moja tu kuhusu mkopo, yaani kila mwezi tutalipa kiasi gani, na tukiona kiasi hicho hakizidi theluthi ya kipato chetu tunaridhika. Usiku huo mume wangu alichukua mfano mwepesi: mkopo wa 100, riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio la deni, marejesho sawa kila mwezi kwa miaka 20. Rejesho la kila mwezi linakuwa takriban 1.10. Katika rejesho la kwanza, 1 nzima ni riba, na ile 0.10 tu ndiyo inayopunguza deni. Baada ya miaka 10, nusu kamili ya safari, bado unadaiwa karibu 77 kati ya zile 100, na siku unapomaliza utakuwa umelipa takriban 264. Alirudia hesabu mara tatu akidhani amekosea. Mimi nilihesabu umri nitakaokuwa nao nikiwa bado nadaiwa hizo 77, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Niliporudi alikuwa amejaribu miaka 15: rejesho lilipanda hadi 1.20, ongezeko la kama asilimia 9, lakini jumla ilishuka hadi 216. Kwa hiyo tuliamua kutafuta nyumba ndogo zaidi na kuilipia haraka zaidi. Uamuzi huo uliandikwa kwa mstari mmoja, lakini ulifuta nusu ya nyumba tulizokuwa tumezipanga kuzitazama.

Nyumba ndogo ndiyo iliyoleta ugomvi wa kweli. Katika nyumba ya 9, tukiwa tumesimama mlangoni pa chumba cha tatu, mimi nilisema, "Hapa nitaweka meza yangu ya kazi," naye wakati huohuo akasema, "Hapa mama atalala vizuri." Tulitazamana. Tumeoana miaka miwili, na katika muda wote huo hakuwahi kuniambia kwamba anatarajia mama yake aje kuishi nasi, wala mimi sikuwahi kumwambia kwamba nimechoka kufanya kazi kitandani na kompyuta mapajani. Kila mmoja alikuwa amekipa chumba kile mwenyewe wake zamani sana, kabla hata ya kukiona. Hatukusema neno hadi nyumbani, na tulipoanza kusema tulisema hadi alfajiri. Nilimwambia mambo ambayo ningependa kuyarudisha. Nyumba ya 10 tuliitazama kama watu waliotumwa na mtu mwingine.

Ya leo ni ya kawaida mno kuelezwa. Hati yake ni safi na paa lake ni zima, na jua huingia jikoni badala ya sebuleni. Ina nyufa mbili. Mmoja ni mwembamba kama unywele, wa lipu tu, haunisumbui. Wa pili unatoka kwenye kona ya dirisha na kushuka kimshazari, na nyufa za namna hiyo mara nyingi huonyesha kwamba msingi umetitia. Lililo muhimu ni kama bado unakua. Mume wangu alimwomba mwenye nyumba, mama mtu mzima anayehamia kwa bintiye, ruhusa ya kuweka alama ya penseli mwisho wa ufa na kuandika tarehe. "Wekeni, wanangu," alisema. "Miaka yote nimekuwa nikijiuliza."

Sasa ninasoma ukurasa wa 11. Chini ya maelezo ya ufa, kwa mwandiko wa mume wangu, pameandikwa vipimo vya chumba cha tatu ambavyo sikumwona akivichukua: urefu, upana, kitanda kimoja, meza moja chini ya dirisha, na nafasi ya kupita katikati, hatua moja na nusu. Mvua zikishanyesha tutarudi na rula.